Saa ya setilaiti imeharibika, au ni bati la jirani? Namna ya kusaka ugonjwa kwa dalili zake

Wakuu habari zenu. Mi ni mpima ardhi, nipo Chumbageni hapa Tanga, juu ya paa nimefunga antena ya GNSS (mifumo ya setilaiti za kujua mahali, GPS na wenzake) na risiva ya frikwensi mbili, inarekodi usiku na mchana kila sekunde 30, ndo besi yetu (kituo cha rejea) tukienda kupima viwanja Pongwe, Kange na kwingineko. Mwezi uliopita mpwa wangu anayenisaidia kazi kanigongea mlango usiku, laptopu iko wazi mkononi, hata shikamoo hajatoa, "Mjomba njoo uone, saa ya setilaiti imeharibika." Naangalia grafu, setilaiti moja tu ya GPS, mstari wake unapanda unashuka kama ngalawa kwenye kusi, zingine zote zimetulia tuli. Tukakesha nayo. Usiku wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Kumbe saa ya watu huko juu nzima kabisa, ni jirani kaezua makuti kaezeka bati jipya.

Sasa nimekaa nikaandika dalili zote tulizokutana nazo na chanzo cha kila moja, maana saa za atomi za angani huwa zinaharibika kweli, na ni muhimu ujue zikiharibika, lakini mara nyingi sana inayosingiziwa ni saa na mkosaji ni kitu kingine.

Kwanza tuelewane kwa nini saa inatuhusu. Risiva haipimi umbali, inapima muda ambao mawimbi yametumia kutoka juu kilomita 20,200 mpaka kwenye antena yako, afu inazidisha kwa kasi ya mwanga. Nanosekunde moja ni sentimita 30. Mikrosekunde moja ni mita 300. Kwa hiyo saa ya setilaiti ikipotoka nanosekunde 10 tu bila mtu kujua, umbali wako kwa setilaiti hiyo umekosea mita 3, na kiwanja cha mtu kimeingia kwa mwenzie. Ndo maana kila setilaiti inabeba saa za atomi zaidi ya moja, Galileo wa Ulaya wanabeba nne, mbili za rubidi na mbili za haidrojeni, na GPS wametumia rubidi na sesi.

Shida ni kwamba saa haiji peke yake kwenye data. Namba moja inayotoka kwenye risiva imechanganya humo humo saa ya setilaiti, saa ya risiva yako (ambayo ni kioo cha kwatzi cha bei rahisi), mahali setilaiti ilipo, ayonosfia (tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme), mvuke wa hewani, mwangwi wa mabati na kelele za waya. Vyote kwenye namba moja. Ukiona namba imeruka huwezi kunyoosha kidole hivi hivi, inabidi uite mashahidi, na mimi nawaita watatu kila siku: setilaiti nyingine kwa wakati ule ule, kituo kingine kinachoiangalia setilaiti ile ile, na jana.

Shahidi wa kituo kingine ndo mzito kuliko wote kwa hiyo nieleze vizuri. Chukua vipimo vya setilaiti moja kutoka vituo viwili kwa sekunde ile ile, toa kimoja kwa kingine. Saa ya setilaiti ipo kwenye vyote viwili sawasawa, kwa hiyo ukitoa inafutika. Sasa kama ule ubaya umefutika nao, mkosaji yuko juu. Kama umebaki, mkosaji yuko chini kwenye kimoja kati ya vituo hivyo viwili, na mara nyingi ni cha kwako. Sisi wa Tanga tuna bahati, Malindi kuna kituo cha IGS, mtandao wa kimataifa wa vituo vinavyorekodi setilaiti hizi, toka hapa ni kama kilomita 260 na kinaona karibu setilaiti zile zile tunazoona sisi. Vipo pia Mbarara Uganda na Shelisheli, na data zake ni za bure. Hesabu hii ya kutoa ni ya darasa la pili lakini imeshanisaidia kuliko programu yoyote niliyowahi kununua.

Dalili: setilaiti zote zimeruka kwa pamoja, kiasi kile kile

Hapo usihangaike na anga kabisa. Setilaiti 10 haziwezi kuugua sekunde moja. Ni saa ya risiva yako. Risiva nyingi zinaacha saa yake ikimbie mpaka ikipotoka milisekunde moja zinairudisha kwa mkupuo, na mkupuo huo ukiugeuza umbali ni kilomita 299.792, kwa hiyo ukiona namba hiyo au mafungu yake kwenye setilaiti zote, tulia, ni risiva inajirekebisha. Kama mruko ni mdogo au wa ajabu ajabu angalia umeme ulikatika saa ngapi, nani kagusa waya. Hapa pwani kuna la ziada, chumvi. Viungo vya kebo ya antena vinaota kutu ya kijani ndani ambako huoni, mchana jua likiwaka chuma kinatanuka na nguvu ya mawimbi inashuka kwa setilaiti zote, usiku inarudi. Fungua, safisha, funga na utepe wa mpira ule unaojishika wenyewe. Huwa tunafanya hivyo kila kusi ikiisha.

Kama hutumii data ghafi bali mafaili ya saa yaliyokwisha kokotolewa, na humo nako zote zimeruka pamoja, ni saa ya rejea iliyotumika kuwapima wengine ndo imeyumba. Dawa yake kwa kila muda tafuta namba ya kati ya setilaiti zote (ile inayokaa katikati ukizipanga kwa ukubwa) uitoe kwa kila mmoja, mruko wa pamoja unakwenda na anayebaki amesimama peke yake huyo ndo wa kuchunguzwa.

Afu kuna hali ya kati kati, GPS nzima iko sawa ila Galileo yote imeharibika. Hiyo si saa moja ya setilaiti, hiyo ni mitambo ya ardhini ya mfumo mzima. Ilitokea kuanzia Julai 11, 2019, karibu wiki nzima Galileo haikutumika, chanzo kilikuwa vifaa kwenye vituo vya chini vinavyokokotoa muda na njia za setilaiti. Saa za juu hazikuwa na kosa.

Dalili: kila usiku saa tisa kuna mruko mdogo

Hii ilitusumbua mwanzoni, saa inaruka chini ya nanosekunde moja au karibu na hapo, kila siku, wakati ule ule, saa tisa usiku. Ukitumia saa za kwetu huwezi kushtuka kirahisi, lakini saa tisa usiku hapa ni saa sita kamili usiku kwa UTC (muda wa rejea wa dunia), yaani siku mpya inaanza. Mafaili ya saa yanakokotolewa siku kwa siku, kila siku peke yake, kwa hiyo mwisho wa jana na mwanzo wa leo haviungani vizuri. Ni mshono wa nguo tu, kitambaa hakijachanika. Na ukitazama kwa makini utaona mshono uko sekunde 18 kabla ya saa tisa kamili, kwa sababu muda wa GPS haufuati sekunde za nyongeza na tangu Januari 1, 2017 uko mbele ya UTC kwa sekunde 18.

Dawa: usitoe namba ya kwanza ya leo kwa ya mwisho ya jana. Ukishuku kwamba safari hii kuna ukweli, rudi kwenye data ghafi ya kituo chako, yenyewe haijui habari ya mshono.

Dalili: jioni jua likizama, vurugu mpaka saa sita usiku

Tanga tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta, na huku kwetu ayonosfia baada ya magharibi inachemka, mapovu yanapanda, mawimbi yakipita humo yanatikisika. Inaanza kama saa moja jioni, inatulia kuelekea saa sita usiku, na miezi mibaya ni ya Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, hasa miaka ambayo jua limechachamaa. Mwenye kuangalia grafu ya jioni peke yake atasema saa za setilaiti tano zimekufa.

Kipimo chake ni kizuri mno. Ayonosfia inachelewesha mawimbi kulingana na frikwensi, ndogo inacheleweshwa zaidi, na kwa GPS uwiano wake unajulikana: L1 ni megahezi 1575.42, L2 ni 1227.60, ukigawa na kuzidisha kwa yenyewe unapata 1.65 hivi. Kwa hiyo angalia mruko kwenye umbali wa L1 na wa L2. Kama wa L2 ni mkubwa mara 1.65 ya wa L1, ni ayonosfia. Kama ni sawa kwa sawa basi chanzo kimegusa frikwensi zote bila ubaguzi, na hapo saa inaingia kwenye orodha. Angalia pia nguvu ya mawimbi. Saa mbovu haipunguzi nguvu ya mawimbi, inakosea muda tu, nguvu ikiwa inapanda na kushuka haraka haraka ni anga.

Dalili: wimbi la setilaiti moja, linajirudia kila siku

Ndo ile ya mpwa wangu. Usiku wa kwanza wimbi lilianza saa 3:40, la pili saa 3:36, la tatu saa 3:32. Mimi ile dakika nne ndo ikanizindua. Setilaiti ya GPS inazunguka dunia mara mbili kwa muda ambao dunia inajizungusha mara moja ukilinganisha na nyota, na muda huo ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Maana yake setilaiti ile ile inapita mahali pale pale juu ya paa lako kila siku, dakika nne mapema. Kitu chochote kinachotegemea setilaiti ilipo ukilinganisha na paa lako kitakuja dakika nne mapema pia, na mwangwi wa ukutani au wa bati ndo kitu cha namna hiyo.

Ila hapo ndo wengi tunaruka hatua, dakika nne peke yake haitoshi kumwachia mshitakiwa. Saa za GPS zenyewe zina mawimbi madogo yanayofuata mzunguko, joto linabadilika setilaiti ikigeuka upande wa jua, na mzunguko mmoja ni saa 11 na dakika 58, kwa hiyo nayo yanasogea dakika nne kila siku. Ila wimbi la joto linachukua masaa mengi kupanda na kushuka na la kwetu lilikuwa na vilele kila baada ya dakika kadhaa, hiyo ilikuwa dalili moja, mwenye kukata shauri akawa Malindi. Tukashusha data ya Malindi, tukatoa, wimbi limebaki lote kama lilivyo. Basi la kwetu.

Kulipoanza kupambazuka mpwa akapanda darini na dira. Kwenye faili setilaiti wakati wa wimbi iko magharibi, nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Akanyoosha mkono upande huo afu akakaa kimya. Nyumba ya jirani, tuliyozoea kuona makuti meusi, inang'aa, bati jipya lina siku nne. Mawimbi yanapiga pale yanakuja kwenye antena yetu yamechelewa kidogo, yanajichanganya na yale yaliyokuja moja kwa moja, na setilaiti ikisogea mchanganyiko unapishana, mara yanasaidiana mara yanapingana, unapata wimbi safi kabisa ambalo jicho linaliamini. Kwenye kipimo cha kodi (alama zinazobebwa na mawimbi) mwangwi unaweza kukosesha mita kadhaa. Kwenye kipimo cha mawimbi yenyewe hauwezi kuzidi robo ya urefu wa wimbi, kwa L1 ni chini kidogo ya sentimita 5, na la kwetu lilikuwa kama sentimita 2. Jirani hana kosa, kajenga kwake. Tukaongeza bomba antena ikapanda mita moja na nusu, na setilaiti zilizo chini ya nyuzi 20 tukaacha kuzitumia kuchunguza saa. Wimbi likafifia mpaka likawa ndani ya kelele.

Angalizo kwa wanaotumia mifumo mingine: shahidi wa jana anafaa kwa GPS, kwa hizi zingine hafai. Galileo inarudi mahali pale pale baada ya siku 10, GLONASS ya Urusi siku 8, BeiDou ya China zile za mzunguko wa kati siku 7. Ukimwita jana kwa Galileo atakwambia sijaona kitu, na utadhani mwangwi haupo.

Dalili: programu inapiga kengele mara mia mbili kwa siku

Au kinyume chake, haipigi kabisa na ubaya unauona kwa macho. Hapa ndo takwimu zenyewe sasa na hapa nataka tukae kidogo maana watu wengi wanaweka kizingiti cha sigma tatu (sigma ni kipimo cha namba zinavyotawanyika) kwa sababu ndo waliyosoma chuoni.

Piga hesabu. Setilaiti 31, vipimo 2,880 kwa siku kila moja, jumla 89,280. Kelele zikiwa za kawaida kabisa na kila kitu kiwe kizima, kinachopita sigma tatu ni asilimia 0.27, yaani kengele 241 kila siku na hakuna hata moja ya kweli. Hakuna binadamu atakayezisoma, siku ya tatu atazima. Ukiweka sigma tano inakuwa kengele moja ya uongo kwa siku 20 hivi, hiyo unaweza kuishi nayo.

Ila kizingiti ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni sigma yenyewe umeipataje. Angalia hizi namba tisa, ni mabadiliko ya saa kwa nanosekunde: 0.1, -0.2, 0.0, 0.2, -0.1, 0.1, 9.0, -0.1, 0.0. Mtoto mdogo anaona ile 9.0 ni mbovu, ni mita 2.7 kabisa. Sasa piga wastani, unapata 1.0. Piga sigma, unapata 3.0. Ile 9.0 iko mbali na wastani kwa sigma 2.7 tu. Haivuki hata sigma tatu! Mwizi kaingia kwenye kikao cha kupanga ulinzi, kavuta wastani upande wake na kaitanua sigma mpaka yeye mwenyewe anapita chini yake.

Tumia namba ya kati. Zipange kwa ukubwa, ya katikati ni 0.0. Angalia kila moja iko mbali kiasi gani na hiyo, zipange hizo tofauti, ya katikati ni 0.1, zidisha kwa 1.4826 ili ilingane na sigma ya kawaida, unapata 0.148. Sasa 9.0 iko mbali mara 60. Hapo kengele inalia yenyewe, na hata ungekuwa na namba mbovu tatu kati ya tisa bado ingefanya kazi.

Na usiweke kizingiti kimoja kwa setilaiti zote. Saa za sesi zina kelele zaidi kuliko za rubidi mpya, ukipima wote kwa kijiko kimoja sesi italia kila saa na rubidi haitakamatwa mpaka iwe imeharibika sana. Kila setilaiti ipimwe kwa tabia yake yenyewe ya wiki zilizopita.

Dalili: mashahidi wote wanaonyesha juu

Haya, umetoa Malindi ubaya umefutika, frikwensi zote sawa, setilaiti nyingine zimetulia. Bado kuna swali moja, ni saa au ni njia ya setilaiti, yaani setilaiti haiko pale inaposema iko? Ita vituo vya mbali. Kosa la saa linaonekana sawasawa Tanga, Mbarara na Shelisheli. Kosa la njia linategemea unaitazama kutoka wapi, kila kituo kitakwambia namba yake. Malindi peke yake hakuwezi kutenganisha, kuko karibu mno na sisi.

Ikishakuwa saa, kuna sura tatu nne.

Ya kwanza usomaji wa saa umeruka ghafla ukaendelea na mwendo ule ule. Ukitoa kila kipimo kwa kilichotangulia unaona mwiba mmoja, na ile njia ya namba ya kati inautoa.

Ya pili ni mwendo wenyewe umebadilika, saa haijaruka ila imeanza kukimbia zaidi au kuchelewa zaidi. Hii ni hatari kwa sababu haina mwiba. Chukua mwendo umebadilika kwa sehemu moja katika milioni milioni. Kwa saa moja ni nanosekunde 3.6, zaidi ya mita moja ya umbali. Lakini kwa sekunde 30 ni nanosekunde 0.03 tu, na kelele za kipimo ni 0.1 mfano. Imezama. Unaweza kusubiri mwiba mpaka kesho kutwa. Dawa ni kukusanya kidogo kidogo kama kibubu: kila kipimo chukua tofauti yake na mwendo uliotarajiwa, punguza kiasi fulani cha uvumilivu, weka kwenye kibubu, kikishuka chini ya sifuri kirudishe sifuri. Kelele zinaingia na kutoka hazikai, ila mwendo uliobadilika unachangia kila mara upande mmoja mpaka kibubu kinajaa. Njia hii ipo tangu 1954. Kwa mfano wetu uvumilivu weka nusu ya mabadiliko, yaani sigma 0.15. Ukisema kibubu kimejaa kikifika sigma 20, utakamata baada ya saa moja na dakika kama saba, ila kwa hesabu ya karibu utapata kengele ya uongo kila siku nne na kitu kwa kila setilaiti. Ukisogeza mpaka 30, kengele ya uongo inakuja kama kila miezi mitatu kwa setilaiti, ila kukamata kunachukua saa moja na dakika 40, na umbali umeshakosea karibu mita 1.8. Huwezi kupata vyote. Mimi natumia 30 kwa sababu besi yangu haiongozi ndege, anayeongoza ndege ana hesabu nyingine. Na uendeshe vibubu viwili, kimoja cha kukimbia kimoja cha kuchelewa.

Ya tatu ni kupinda polepole. Rubidi zinazeeka, mwendo unabadilika kidogo kila siku na grafu inakuwa kama upinde. Huo si ugonjwa, ni tabia yake, uondoe kwanza ndo uchunguze. Ila usiutoe kwa kutumia data ya leo ile ile unayoichunguza, maana upinde utajipinda kulifuata kosa na kulificha, chora upinde kwa data ya jana na juzi, uusogeze mbele, leo ilinganishe nao.

Ya nne kelele zimeongezeka tu bila mruko. Hapo kokotoa kipimo cha Allan, cha utulivu wa saa, ambacho David Allan alikitoa 1966, kwa madirisha yanayosogea, masaa sita sita mfano, ukiona mstari wote umepanda ukilinganisha na wiki iliyopita saa inaanza kuchoka. Nadhani ndo dalili ya thamani kuliko zote, na sijui kwa nini watu hawaiangalii.

Na haya si ya kufikirika. Januari 1, 2004 setilaiti moja ya GPS, SVN 23, saa yake ya rubidi iliharibika ikiwa hewani, kwa saa zetu ilikuwa kama saa tatu na nusu usiku, na ilichukua karibu masaa matatu mpaka inatiwa alama ya kutotumika, umbali ukiwa umeshakosea kilomita nyingi sana. Januari 2017 shirika la anga la Ulaya lilitangaza saa 9 za Galileo zimesimama, 3 za rubidi na 6 za haidrojeni, kati ya saa 72 zilizokuwa juu wakati huo. India nao setilaiti yao IRNSS-1A saa zote tatu za rubidi zilikufa.

Ukiona setilaiti imepotea siku moja mbili, imerudi na usomaji na mwendo tofauti kabisa, usipige kengele, waendeshaji wamebadilisha saa wakawasha ya akiba. Soma matangazo yao, futa historia ya zamani ya setilaiti hiyo, anza kujifunza tabia yake upya.

Dalili: mahali uko sawa, muda ndo umekosea

Hii ni fupi. Kama viwanja vyako vinatoka vizuri lakini saa ya UTC inayotoka kwenye risiva imepotoka, tazama ujumbe unaotangazwa, si saa. Januari 26, 2016 GPS ilitangaza kwa masaa kadhaa marekebisho ya UTC yenye kosa la mikrosekunde 13 hivi, mitambo ya simu na redio za kidijitali ikapiga kengele duniani, na wapima ardhi hawakuhisi kitu. Chanzo kilikuwa data iliyopandishwa vibaya wakati wa kuistaafisha SVN 23, ndo ile ile ya 2004.

Ukiwa porini na risiva moja, huna mtandao wala Malindi

Unabaki na shahidi mmoja tu, setilaiti nyingine. Nne zinakupa mahali na muda bila ushahidi wowote, ya tano inakuwezesha kujua kuna mwongo, ya sita inakuwezesha kujua ni nani. Kwa hiyo chini ya minazi ambako unaona tano tu, ukipata masalio makubwa (tofauti inayobaki kati ya kipimo na hesabu) usibahatishe kumtoa mmoja, hamisha jiwe la muda sehemu ya wazi upime tena.

Na ukikwama ukampigia mwenzio simu akusaidie, uwe na jina la setilaiti, muda kwa UTC mpaka sekunde, vipimo vya L1 na L2 vyote viwili, nguvu ya mawimbi, na faili ghafi la RINEX (muundo wa kawaida wa data za risiva) la siku hiyo na la jana yake, picha ya grafu haitoshi. Mwambie pia nini kimebadilika karibu na antena kwenye wiki hiyo, tangi, mti uliokatwa, gari lililoegeshwa, paa. Mpwa wangu sasa ana daftari dogo linakaa pembeni ya risiva, ukurasa wa kwanza kaandika tarehe ya bati na uelekeo wake kwa nyuzi.